Herufi Zisizo na Matundu

Kazi yangu hapa Bunia ni kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Lakini mwaka mmoja nilikuta aina moja ya herufi ndani ya kompyuta ya kazini, na kichwa kikanivimba. Zilikuwa nene, nyeusi tii, zote za rula na bikari: O ni duara lililojaa, bila tundu, A ni pembetatu iliyozibwa, S ni nusu duara mbili zilizopandana. Nilizitia kila mahali. Mtu mmoja niliyemchapia barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa alirudi kuniuliza kama nimeandika au nimepanga matofali.

Basi yaya, yaani dada yangu mkubwa, aliyekimbia vita kule Djugu na watoto wake na sufuria mbili, alipofungua malewa, kibanda cha kuuza chakula, nilijitolea kumwandikia kitambaa cha mlangoni. Alitaka maneno matatu tu: SOMBE NA SAMAKI, yaani kisamvu kwa samaki. Wateja wasipokuja siku ya kwanza chakula kingechacha, na hakuwa na kingine cha kupika kesho yake.

"Andika ya kusomeka," aliniomba.

Nikamjibu kama profesa: "Yaya, hii ni moderne, ya kisasa."

Nilipaka rangi nyeusi juu ya kitambaa cheupe, nikakitundika asubuhi, nikavuka barabara ili nijisifu vizuri. Kilipendeza mno. Hakikusomeka hata kidogo, lakini nani aliniuliza?

Wa kwanza kuingia walikuwa kina mama wanne, vitenge kichwani. Hawakukaa kwenye mabenchi. Walivua viatu, wakaketi chini. Nyuma yao wanaume wakasimama nje, mikono kifuani, wakiongea polepole. Nikafurahi moyoni: wateja wenye adabu!

Mama mmoja akamshika dada mkono. "Pole, mama. Siye tulikuwa tunapita, tukaona kitambaa ya matanga. Ni nani alikufa?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwetu kitambaa cheupe chenye weusi, kikiwa juu ya mlango, ni cha msiba, na hakuna anayesimama kukisoma. Nilipanda kiti haraka nikishushe, huku nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilingoja dada anitukane mbele ya watu wote, na nilistahili.

Hakunitukana. Aliketi chini kati yao.

"Bwana yangu," akasema. "Alikufia Djugu. Tulimuzika mbiombio, tukakimbia. Matanga haikukuwa."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu afike kwangu, na kina mama wakalia pamoja naye. Baadaye mmoja wao aliinuka, akapakua sombe na samaki, na wote waliokuja wakala.

Mimi nilikuwa bado juu ya kiti, nusu ya kitambaa mkononi.

"Rudisha," dada akaniambia. "Ikae siku tatu."