Kanga Walionipokonya Baba

Harufu ya mafuta ya taa bado inanirudisha zizini kwetu, Sanya Juu, mkono mmoja kwenye sikio la ng'ombe na mwingine umeshika kopo. Wenzangu utoto wao unanukia vitumbua. Wangu unanukia kupe.

Maana mimi ndiye niliyekuwa mtoa kupe wa nyumba ile. Ng'ombe wetu, Zawadi, alichungwa huko chini kwenye nyasi kavu, akarudi jioni na kupe kila mahali: masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele. Baba alikaa kwenye kigoda akimshika kichwa, mimi nikiwang'oa mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, na baba alinisifia kwa hilo mbele za watu.

Lakini sikuwa nafuata sifa. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Mezani alikula kimya, kanisani alisalimia kwa kichwa. Pale zizini tu ndipo alipofunguka. Alinisimulia alivyobeba mizigo ya wageni mlimani ujanani mwake, na jinsi viatu vya kuazima vilivyoachia soli akakanyaga theluji kwa soksi tu. Kaka zangu walikuwa na baba wa shambani, wa kuwatuma na kuwakaripia. Huyu wa jioni alikuwa wangu peke yangu, jamani, na sikutaka kugawana.

Halafu siku moja akarudi kutoka sokoni na tenga. Ndani yake mlikuwa na vifaranga wa kanga, wale ndege wa madoadoa.

"Hawa wanakula kupe," alimwambia mama. "Huyu mtoto naye apumzike, asome."

Apumzike. Nani alimwambia nimechoka?

Kuku wetu mmoja akawalea. Walipokua wakaanza kufuatana na Zawadi malishoni, wakidonoa kupe kwenye majani na hata miguuni mwake akiwa amelala. Kelele zao zilikuwa kama bati linalokwaruzwa, na kila mmoja alitembea na sura ya mtu aliyekosewa heshima. Niliwachukia kwa moyo wangu wote. Kilichoniuma zaidi, jioni baba sasa alisimama uani akiwarushia chenga za mahindi na kuongea nao. Mimi niko ndani na daftari la hisabati, namsikia kupitia dirisha, nimenuna, hesabu nimeziacha.

"Wewe, unawaonea wivu ndege?" mama aliniuliza, akacheka hadi akakaa chini. Nilikataa. Niliwaonea, tena sana.

Kila jioni nilijipenyeza zizini kumkagua Zawadi. Nyuma ya sikio, safi. Chini ya mkia, safi, akanichapa nao usoni. Mpaka siku moja vidole vikagusa kitu kigumu kwapani mwa mguu wa mbele. Kupe, mnene, mzima. Sijawahi kumpenda mdudu kama nilivyompenda yule.

"Baba, yuko mmoja!"

Alikuja haraka kuliko nilivyotegemea, kigoda mkononi. Nilimtoa kupe wangu taratibu niwezavyo, na bado baba akasema, "Angalia vizuri, mama, huenda ana mwenzake." Aliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Mwenzake hakuwepo. Tulikaa pale hadi tulipoitwa kula, na habari za theluji nikazisikia upya.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyeanza kuniita. "Mama, njoo na kopo, nadhani nimemwona mmoja." Nilitupa daftari nikakimbia. Nikatafuta, hapakuwa na kitu. Kesho yake akaniita tena, nikakuta ni chunjua. Siku nyingine, tope. Nikaanza kumhurumia. Nikamnong'oneza mama kwamba macho ya baba yanaharibika, atafutiwe miwani. Mama alinitazama, akaendelea kumenya ndizi.

Sasa nina watoto wangu, nao jioni wana masomo yao na simu zao, na mimi huwa natafuta visababu vya kuwaita jikoni. Juzi nilimwita binti yangu aje anifungulie chupa ambayo wala haikuwa imekazwa. Alipokuwa anaifungua ndipo nikamwelewa baba. Aliwanunua wale kanga kwa ajili yangu, wakampokonya na yeye. Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Hadi anafariki alisoma Biblia ya maandishi madogo bila miwani.