Nilitaja charge zangu zote, nikaandikwa muuza mbuzi na majeneza

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo. Mvua imetufungia kibandani tangu asubuhi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Naandika polepole, masomo yangu yaliishia la sita, basi msinikimbize. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sikuongeza chumvi. Chumvi yake ilikuwa inatosha.

Mimi ni motard, yaani mwendesha pikipiki. Pikipiki huku tunaiita moto. Watu siwabebi sana, kwa sababu mtu ukimbeba anataka maongezi, na mimi maneno hunikwama mdomoni. Nabeba mizigo ya wafanyabiashara kati ya Butembo na Beni. Wananipigia simu, napakia, naenda.

Sasa shikeni neno moja, maana uzi wote unasimama juu yake.

Kwetu mzigo wa moto unaitwa charge. "Uko na charge?" maana yake una mzigo? "Charge imeanguka", mzigo umelala barabarani. Tangu nianze kazi hii sijasikia motard akilitumia neno hilo kwa maana nyingine.

Moto yenyewe bado si yangu. Ni ya Mama Masika, mfanyabiashara wa Bungulu, kule Beni. Kila juma nampelekea versement, malipo ya juma hilo, na siku nikimaliza kulipa, moto inakuwa yangu. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana.

Ndipo watu wa kodi wakatusimamisha kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, pamoja na polisi wa barabara. Kila motard anayejifanyia kazi aonyeshe karatasi kwamba ametangaza mapato yake ya mwaka. Sikuwa nayo. Moto ikaingizwa uani mwa ofisi yao, ikafungwa mnyororo.

Nikampigia Mama Masika. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Katembo, mwanangu, miye hapana na shida na weye. Mais moto yenye kulala haizalake. Kama siku ya Mungu inafika ingali mule, nitaitosha miye mwenyewe, nitapatia mutu mwingine."

"Ndiyo, mama."

Siku ya Mungu ni Jumapili, na kutosha kwetu ni kutoa.

Nje ya lango la ofisi ile anakaa bwana mmoja anayeitwa Conseiller, yaani mshauri. Sijui nani alimpa jina hilo, nadhani alijipa. Ana meza ya plastiki, mwavuli uliopauka, na tai nyekundu ambayo fundo lake halifunguliwi. Anaipitishia kichwani kama kamba ya ng'ombe. Kazi yake ni kuwajazia watu declaration ya kodi. Wenzangu wanamheshimu kupita kiasi. Akikohoa, wanasema hicho ni Kifaransa.

"Enda kwa Conseiller," rafiki yangu Kakule akaniambia. "Ule mutu amesoma mpaka vitabu vinamuogopa."

Conseiller alinitazama kuanzia buti, akaishia magotini. Hakuona sababu ya kupanda zaidi.

"Ah, bamotard! Munaendesha, munakula, munalala. Sheria inabapenda na hamuijue. Kodi inakatwa juu ya faida, hapana juu ya makuta yote yenye kuingia. Donc unatosha kwanza macharge. Charge zikikuwa mingi, kodi inakuwa kidogo. Unasikia, petit?"

Nikaitika kwa kichwa. Charge nyingi, kodi kidogo. Niliona ni haki kabisa: anayebeba sana anachoka sana, basi serikali imemhurumia.

"Taja charge zako za mwaka muzima. Usifiche hata moja."

Wakuu, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza msomi ananiuliza kitu ninachokijua. Nikataja. Mifuko ya viazi vya Masereka. Mabidon ya mafuta ya mawese kutoka Mabalako. Mbao. Mbuzi, hasa karibu na Noeli. Makreti ya bia ya harusi. Majeneza.

Anaandika tu, kichwa chini. Kwenye majeneza ndipo aliposimama kidogo.

"Masanduku ya bafu, ni ya kazi?" Alimaanisha wafu.

"Ni ya kazi."

Akaandika.

Hapa na mimi nisimame. Mtu amesoma, ana tai. Anaambiwa kwamba motard, ili aendeshe moto mwaka mzima, ametumia mbuzi, bia na majeneza. Na haulizi! Alidhani nawafanyia nini mbuzi, nawatia kwenye tanki?

Akachukua malipo yake, akapiga sahihi yenye mikia mingi kama kishada, akanituma ndani.

Ndani kulikuwa na madame wa guichet, yaani wa dirishani. Alisoma, akarudia kusoma, akamwita mwenzake wa meza ya pili.

"Papa, kuya uone. Anasema ni motard, kumbe iko na dépôt ya bidhaa." Kisha akanigeukia. "Mbuzi unanunuaka wapi?"

Nikaanza kufuta matope kwenye buti.

"Na masanduku ya bafu, unauzishaka kwa nani?"

"Anafichama," yule mwenzake akasema. "Bacommerçant bakubwa njo banakuyaka na buti ya matope, juu tubahurumie."

Madame akachukua kalamu ili anihamishie kwenye kodi ya wafanyabiashara. Alinitajia kiasi. Wakuu, ningekuwa na pesa hiyo ningenunua moto nyingine, na ile ningewaachia waitumie kama kiti.

Kalamu ilipogusa karatasi niliona mtu mwingine ameketi juu ya moto yangu, anateremka nayo Bungulu. Sauti ikanitoka, tena kubwa kuliko nilivyotaka.

"Madame, hapana miye nilinunua! Ni moto inabebaka! Ni charge ya kufunga na kamba!"

Ofisi nzima ikageuka kunitazama.

"Charge ya kamba?"

"Ndiyo, madame. Yenye ninafungaka nyuma."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Alipotulia akanieleza vizuri, na hilo nitalisema hata mbele ya Mungu: kati ya wote, yeye ndiye aliyenieleza.

"Charge ya kodi hapana ile moto inabeba. Ni ile moto inakula. Yako inakulaka nini?"

Mafuta, huile ya injini, matairi, mnyororo, fundi.

"Voilà. Sasa leta mafacture."

Facture, yaani risiti! Mafuta nanunua kwa chupa kando ya barabara. Nilimrudia mama anayeniuzia, nikamwomba karatasi. "Facture?" akasema. "Nikutilie na cachet ya paroisse?" Yaani muhuri wa parokia. Fundi wangu aliniandikia juu ya kipande cha boksi la sigara, madame akakirudisha kwa vidole viwili.

Na barrière, vizuizi vya kulipia, je? Kule njiani kila mwenye kamba ana serikali yake mfukoni. Unalipa, kamba inashuka, karatasi hakuna. Nikauliza kama hizo pesa zinahesabiwa. Bila karatasi, hapana. Yaani serikali inanidai ushahidi wa pesa iliyoila yenyewe ikiwa imeficha kalamu.

Zilizokubaliwa ni facture za matairi na mnyororo, kwa sababu nilinunua duka lenye muhuri. Wakazitoa kwenye mapato, nikalipa kodi iliyobaki. Iliniuma, lakini ilikuwa kodi ya motard. Jumamosi mnyororo ukafunguliwa, nikaenda Beni moja kwa moja. Mama Masika aliizunguka moto yake, akagonga tairi kwa kiatu.

"Donc endelea na kazi," akasema.

Jumatatu nikapita langoni. Mzee mmoja motard ameketi mezani, na Conseiller anaandika. Makaa, mihogo, mikeka, mzee anataja kwa moyo mweupe.

Nikajikaza. "Papa, simamisha. Hizo hapana charge za kodi."

Conseiller akainua kichwa. "Weye petit, uliishia darasa la ngapi?"

"La sita."

"Njo maana."

Motard wote waliokuwa pale wakanicheka. Mzee naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba amesahau kutaja kuku.

Somo nililopata: mwenye tai akikuuliza neno, muulize kwanza neno hilo kwake lina maana gani. Na chochote moto inakula, dai karatasi hapohapo, hata ukichekwa.

Mlio Goma, Bunia, Kampala na kwingineko, semeni na nyinyi. Huko kwenu muuza mafuta ya chupa anatoa risiti? Kama yupo hata mmoja, wekeni picha yake hapa, nitaibandika kwenye tanki.