Buibui wa Mafiga ya Wapagazi

Mwezi uliopita fundi alikuja kunijengea banda la kuku hapa nyumbani kwangu Ng'ambo, Tabora. Alipoinua tofali moja kuukuu lililokuwa limelala uani tangu sijui lini, akatoka buibui wa rangi ya majivu, akachapuka mbio kuelekea ukutani. Fundi akavua kandambili ampige. Nikajikuta nimemshika mkono, mimi mtu mzima na mvi zangu, napiga kelele: "Mwache!" Fundi akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Sikumlaumu. Nilimwambia aendelee na kazi, nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Miaka yote hii, na bado moyo ulinipasuka vilevile.

Wewe nitakueleza, maana wewe una subira.

Nililelewa na bibi yangu, mama wa baba, enzi za Mwingereza. Wazazi wangu walifariki nikiwa sijajua hata kutembea vizuri. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Tura, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani kabla reli haijaja. Njia yenyewe ilikuwa imeshaota majani. Lakini mahali walipokuwa wakipiga kambi palijulikana kwa mafiga: mawe matatu hapa, matatu pale, meko yasiyohesabika chini ya miti ya miyombo, mawe bado meusi kwa moshi. Baba yake bibi aliwahi kubeba mzigo katika njia ile, na bibi alipokuwa mtoto alimwonyesha jiko alilopikia. Basi watu wengine wana makaburi ya kuzuru, bibi alikuwa na mafiga yake. Alikuwa akienda pale mara kwa mara, anakaa, anageuza jiwe, anatazama chini yake kwa muda mrefu, kisha analirudisha taratibu kama anayefunika mtoto.

Ningeweza kukaa siku nzima nikikusimulia asubuhi za kule. Sauti ya mchi kabla hujafumbua macho. Matobolwa ya jana, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, yakiwa yamelainika kwenye maji ya moto, yanaliwa na karanga za kukaanga. Kwenda shambani kufukuza ndege kwenye mtama, unapiga debe mpaka masikio yanaziba. Uyoga wakati wa mvua, bibi anauchemsha na karanga zilizotwangwa, na harufu yake inatoka mpaka njiani. Na asali! Asali hatukupungukiwa, kwa sababu kwa misimu miwili palikuwa na mrina asali aliyeishi nasi.

Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya nyuki. Alilala kwenye kibanda cha wageni. Alimlimia bibi, akaezeka upya paa la nyumba, akatengeneza kihenge cha mtama. Kila akitoka porini alinikatia sega la kwanza kabla hajampa mtu mwingine. Nilimwita mjomba. Sikujiuliza kwa nini mtu asiye ndugu yetu analima shamba letu. Mtoto haulizi hayo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, au kumi na mmoja.

Mwishoni mwa mvua za mwaka ule akaja mwanamke wa Kizungu, na wapagazi wanne na hema. Sote tulimwita Memsahibu. Alipiga hema uani kwa mwalimu wa shule yetu ya misheni, na mwalimu ndiye aliyetukusanya watoto na kutuambia Memsahibu anatafuta buibui. Tulicheka hadi tukakaa chini. Mtu avuke bahari aje kutafuta buibui! Mwalimu akatukemea. Akaeleza kwamba hatafuti wale wanaotanda utando pembeni mwa nyumba. Anatafuta wale wa ardhini, wasiojenga wavu, wanaowinda kwa miguu na mchana wanajificha chini ya mawe na magogo. Wapo wa aina nyingi, akasema, na kazi ya Memsahibu ni kujua kila aina inaitwaje na inaishi kuanzia wapi hadi wapi.

Bibi aliposikia habari ya mawe, akanishika mkono, tukaenda mpaka hemani.

"Shikamoo, mama," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Mwambie mgeni wako mafiga asiyatoe mahali pake. Akigeuza jiwe, alirudishe lilivyokuwa."

Memsahibu alijua Kiswahili kuliko tulivyodhani. Akajibu mwenyewe, "Nitarudisha, mama. Naahidi." Na kweli alirudisha. Kwa hilo tu bibi akampenda.

Nikawa nashinda naye baada ya shule. Alikuwa na kibano chembamba, brashi ya manyoya laini, na vichupa vingi vya spiriti. Alinionyesha kwa kioo chake cha kukuzia vile vijibomba viwili vya kutolea uzi vilivyochomoza nyuma ya buibui wale, vimeachana kidogo, na akasema ndivyo anavyoitambua jamii hiyo. Kila kichupa alikitia kipande cha karatasi chenye jina la mahali. Na alikuwa na ramani. Juu ya ramani hiyo alikuwa ametia alama za rangi mbili: moja kufuata njia ya misafara, kuanzia huko mashariki mpaka kwetu, na nyingine hapa kwetu tu.

Siku moja alasiri bibi alimletea matobolwa kwenye ungo. Memsahibu alikuwa amepanga vichupa viwili mbele yake juu ya sanduku, na mwalimu ameinamia ramani. Bibi akaweka ungo chini, akavitazama vile vichupa.

"Mbona hawa umewatenga?" akauliza.

"Ni aina mbili, mama," Memsahibu akasema kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akisubiri aulizwe. "Huyu wa majivu nimemwona njia nzima. Lakini huyu mwenye ngao nyeusi inayong'aa mgongoni, huyu sikumpata kule nilikotoka. Nimempata hapa tu. Hajulikani. Nimeshaandika barua nyumbani kuwaambia."

Bibi akacheka kidogo. "Huyu ni mume wa huyu."

Mwalimu akashtuka. "Mama, Memsahibu amesomea mambo haya."

"Sikatai. Kule ulikotoka, mgeni, ulipita mvua haijaanza?"

"Ndiyo. Palikuwa pakavu."

"Basi ungewaona wapi? Madume hawa wanatoka mvua zikikaribia kwisha. Wiki chache tu, wanakufa. Hata hapa ukirudi kiangazi hutapata hata mmoja."

Nilimwona Memsahibu uso unambadilika, wekundu unapanda kutoka shingoni. Akatazama ramani yake, zile alama za rangi mbili, kisha akamtazama bibi. "Unajuaje?"

"Njoo."

Tukaenda sote wanne kwenye mafiga. Bibi aligeuza jiwe la kwanza, hapakuwa na kitu. La pili, siafu. La tatu akalishika kwa mikono miwili, akaliinua polepole, akasema tusipumue. Chini yake palikuwa na mfuko mdogo wa uzi mweupe, mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai. Ndani yake tukaona buibui wa majivu, mdogo, amejikunja. Na mlangoni mwa mfuko alikuwepo yule mwenye ngao nyeusi, ametulia tuli.

Memsahibu akapiga magoti kwenye udongo. Akasogeza kioo. "Kwa nini amekaa hapo? Kwa nini haondoki?"

"Huyu wa ndani ni mtoto bado," bibi akasema. "Hajavua ngozi ya mwisho. Dume amewahi. Amejenga karibu naye, anamlinda wengine wasimchukue. Akishavua tu, amekuwa mke. Nimewatazama tangu utotoni mwangu."

"Anangoja," Memsahibu akanong'ona.

"Anangoja."

"Na jike? Anajua kwamba anangojwa?"

"Hajui. Yeye amelala." Bibi akafungua kinywa kuendelea, na sauti ikakatika. Alibaki ameshika lile jiwe. Kisha akasema, polepole, wala hakuwa anasema na Memsahibu tena: "Mimi pia sikujua."

Bibi akageuza kichwa akanitazama mimi. Ninavyokuambia, kutazamwa vile sijawahi kutazamwa tena maishani. Na wakati uleule, ng'ambo ya miti, mrina asali alikuwa anapita na jembe begani akitoka shambani kwetu. Akatuona, akatabasamu, akanipungia mkono.

Ndipo vitu vyote vikanijia kwa pamoja. Kibanda cha wageni. Paa jipya. Sega la kwanza. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuja kutoka kijiji cha pili akazungumza na mrina asali faraghani na wakapeana mikono. Wanawake kisimani walionitania kwa maneno ambayo sikuyaelewa. Nilitaka kukimbia na sikujua nikimbilie wapi, kwa sababu nyumbani ndiko alikokuwa.

"Bibi," nikasema, "ananingoja mimi?"

Angeweza kunidanganya. Mwalimu alimtazama kana kwamba anamwomba anidanganye.

"Ndiyo, mjukuu wangu," akasema. "Na mimi nilijua. Nilinyamaza." Akalirudisha jiwe mahali pake, taratibu, akakaa chini kando yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona bibi yangu analia.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, alimwita mrina asali uani. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "kazi uliyofanya hapa nimeiona. Kosa si lako, ni langu na la mwanangu aliyekupa neno. Lakini mtoto huyu sitamtoa. Si mwaka huu, si mwaka mwingine."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Yule bwana akasema, "Mama, mimi niliambiwa ningoje, nikangoja. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto hajaulizwa."

"Hakuulizwa."

"Basi." Akaweka jembe chini ukutani. Asubuhi tulipoamka kibanda kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Hilo nalo lilinishtua kwa namna yake. Nilikuwa nimeshaanza kumwogopa kama chui, kumbe alikuwa mtu wa kawaida tu aliyeona jambo lile ni la kawaida, kama walivyoliona wote.

Baba mkubwa ndiye aliyekuja na kelele. "Umeniaibisha, mama! Nitamtazamaje mwenzangu usoni? Buibui! Umevunja neno langu kwa sababu ya buibui!"

"Nimelivunja kwa sababu nilijisikia mwenyewe ninavyosema," bibi akamjibu. "Umri wote huu sikuwahi kulisema lililonipata mimi kwa mdomo wangu. Nilipolisema mbele ya mgeni, nililisikia."

Baba mkubwa aliondoka bila kula. Hakukanyaga nyumbani kwetu tena kwa muda mrefu sana.

Memsahibu aliongeza siku zake kijijini. Yeye na bibi waligeuza mawe asubuhi hadi alasiri, bibi akieleza, yeye akiandika. Nilimwona akifuta alama za ile rangi ya kwetu kwenye ramani, moja baada ya nyingine. Siku ya mwisho alimwambia bibi, "Nimeandika barua nyingine. Nimewaambia nilikosea, na aliyenisahihisha ni wewe." Bibi akauliza kama watu wa huko watacheka. "Watacheka," Memsahibu akasema. "Waache wacheke."

Mwalimu alikuwa na dada yake aliyefundisha shule ya bweni ya wasichana Tabora. Akaandika barua, jibu likaja, na Memsahibu alipopanda treni Tura, nami nilipanda, na mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, mapajani. Bibi alisimama kwenye changarawe za stesheni. Alizoea kunitania kwa kuniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike. Siku ile aliniita kwa jina langu. Sikumsikia akiniita mke mwenza tena mpaka alipokufa.

Kijiji chenyewe hakipo. Mbung'o walizidi, watu wakaanza kuugua malale, na serikali ikaamuru wote wahamie mahali palipofyekwa, mbali na pori. Bibi alihamia huko na watu wake. Likizo nilikuwa nikimkuta amekaa mlangoni anatazama uwanja mtupu usio na jiwe hata moja. Nilirudi kijijini mara moja tu, nikiwa tayari mwalimu mwenye watoto wangu. Miyombo ilikuwa imeota hadi katikati ya nyumba yetu. Njia ya wapagazi sikuiona kabisa. Sauti ya mchi, harufu ya uyoga, vibanda, vihenge, hata kisima, hakuna. Nilisimama nikajaribu kukumbuka mlango ulikuwa upande gani, nikashindwa.

Lakini hayo ni mambo ya dunia, vijiji huja na huondoka. Linaloniuma ni jingine. Niliishi na mwanamke yule miaka yangu yote ya utoto, nikalala kwenye kitanda chake, nikamshika mkono siku anakufa. Alininusuru kwa maneno matatu aliyoyasema mafigani, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na mimi, niliyefundisha mamia ya watoto kuuliza maswali, sikumwuliza lolote. Sijui alikuwa na umri gani walipomtoa kwa mume. Sijui kama alilia. Babu yangu, ambaye kila mtu alimsifu kwa upole wake, sijui bibi alimpenda au alimzoea tu. Angenijibu, nina hakika. Alikuwa akinitazama wakati mwingine kama mtu anayengoja kuulizwa.