Msitu wa Maharage wa Nyamkombe

Kiongoroni nzima hakukuwa na mtu aliyependa kushinda kama Mudathiri Shaabani. Ukila naye sinia moja, yeye atake kumaliza wa kwanza. Ukisali ubavuni kwake, atake sijida yake iwe ndefu kuliko yako. Na kwenye bao ndiyo usiseme! Alikuwa akikufunga, halafu anakuhadithia ulivyofungwa, halafu anakwenda kumhadithia mkeo. Miaka ishirini hakutokea mtu wa kumwinua kwenye jamvi, na aliyefungwa mara nyingi kuliko wote alikuwa jirani yake, Dadi, ambaye kila jioni alikuja na kete mkononi na kila jioni aliondoka amenuna.

Lakini huo ulikuwa mchezo. Kwenye kazi Mudathiri alikuwa mtu mwingine kabisa, na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo penye balaa lote. Kazi yake ilikuwa kukata mikoko. Aliirithi kwa baba yake, marehemu mzee Shaabani, pamoja na shoka moja, panga mbili na haki ya kukata katika kijito cha Nyamkombe, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtumbwi. Mzee alimfundisha kwa maneno machache na makofi mengi. Bamvua likifika na maji makubwa yakijaa mpaka ndani ya kijito, unaingia na mtumbwi, unachagua mti uliofika unene wa boriti, unakata, unatoka. Yakija maji mafu, unakaa nyumbani ukarabati mtumbwi. Upande mmoja wa kijito ukishakatwa, haukanyagwi tena mpaka ipite miaka mitatu. Mti mkubwa unaozaa unaachwa, hata mnunuzi akupigie magoti. Na fito, ile miti midogo ya unene wa kidole gumba, ni mwiko. Mudathiri aliwahi kumfukuza Nyamkombe shemeji yake mzima, mtu mwenye ndevu zake, kwa kukata fito tano za banda la kuku.

Kwa hiyo Nyamkombe ilikuwa imesimama. Ukiingia ndani ulikuwa huoni jua. Kijito cha jirani, cha Dadi, kilikuwa cheupe kama uwanja wa mpira. Tangu serikali iruhusu kila mwenye mfuko afanye biashara, wafanyabiashara wa Dar walikuwa wakija kuulizia mikoko, na Dadi hakujua kumwambia mtu hapana. Alikata boriti, akakata pau za kuezekea, akakata fito, na visivyouzika akavichoma kwenye tanuri la chokaa. Sasa alikuwa akiitazama Nyamkombe kwa jicho lile la paka aliyekaa mlangoni mwa jiko.

Basi ukaja mradi. Jina lake refu lilikuwa limeandikwa mlangoni mwa gari, lakini kwa kuwa Kiongoroni gari halifiki, sisi tulilisoma kwenye kofia. Neno la miaka ile lilikuwa ushirikishwaji. Kila aliyevuka na pantoni ya Ndundu akiwa na fulana safi alikuwa amekuja kutushirikisha. Huyu wa safari hii aliitwa mtaalamu Haruna, kijana wa Dar aliyesomea Ulaya, mpole, mwenye miwani na kompyuta ya mapajani iliyolishwa na betri ya gari. Siku ya kwanza alituita shuleni, akatandika sakafuni karatasi kubwa, na juu yake amechora kijito. Akakigawa vyumba vyumba. Kila chumba akakipangia maharage.

"Haya maharage ni mikoko," akasema.

Watu wakayatazama. Bi Mwantumu, mkulima wa mpunga mwenye ulimi usiolala, akauliza kama hiyo mikoko italiwa mchana au jioni.

Haruna akacheka, akaeleza. Tutacheza mchezo. Kila raundi ni mwaka mmoja. Kila mkataji ana vyumba vyake; atachukua humo maharage atakayo, ayatie kwenye kikombe chake. Mwaka ukiisha, chumba kilichobakiwa na maharage mengi kitaongezewa mengine, kwa maana msitu umezaa. Kilichomalizwa hakiongezewi kitu. Wakulima watacheza upande huu na punje za mpunga, wavuvi upande ule na samaki wa karatasi. Yeye ataandika kila kitu, kompyuta itatengeneza kielelezo, na kielelezo kitamwonyesha nani anautumiaje msitu. "Hapa hakuna mshindi wala mshindwa, wazee wangu," akasema. "Chezeni kama mnavyoishi."

Sasa hebu niambieni ukweli, jamani. Mwenye bao gani aliyewahi kumkaribisha mgeni jamvini akamwambia, "Karibu nikufunge"? Maneno ya hakuna mshindi ni adabu tu, kila mtu huyasema. Mudathiri aliyasikia akaona huyu kijana amelelewa vizuri. Halafu akainua macho kuangalia mkataji mwenzake ni nani, akamwona Dadi amekaa upande wa pili wa karatasi. Roho yake ikafurahi.

Raundi ya kwanza Mudathiri aliyatazama maharage kwa pumzi tatu, akahesabu vyumba, akapiga hesabu ya mwaka wa pili na wa tatu kichwani, kisha akafagia chumba kizima. Watu wakapiga kelele. Dadi akatoa jasho. Miaka ishirini ya kufungwa ilikuwa imemfundisha jambo moja tu, kwamba mbele ya Mudathiri ukitanua mkono umekwisha. Akachukua harage moja. Moja! Akakunja viganja vyote viwili juu ya vyumba vyake kama mtu anayeficha pesa sokoni, akasubiri kushambuliwa.

Raundi ya pili Mudathiri akafagia kingine. Dadi akachukua harage moja. Raundi ya tatu wavuvi wote wakaacha samaki wao wa karatasi wakaja kutazama. Wakati wa chakula cha mchana, watu wako nje kwenye pilau, kuku wa mwalimu akaingia darasani akadonoa msitu wote wa mashariki, Haruna akaandika kwenye daftari, "janga la asili." Raundi ya tano Mudathiri akaokota harage la mwisho, akalitupa juu akalidaka, akasimama.

"Nimekula nyumba!" akapiga ukelele. "Dadi, una nini mkononi? Miti hiyo imesimama inangoja nini, ije ikuoe?"

Tulicheka mpaka tukalia. Hata Dadi mwenyewe alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyezoea. Mudathiri alikwenda nyumbani kifua mbele na vikombe vitatu vya maharage, na mkewe, Rukaya, akayapika. Hayo ndiyo mavuno pekee aliyopata kutokana na ushindi ule, na yalikuwa na wadudu.

Asubuhi yake tukaitwa tena. Haruna alikuwa hakulala vizuri, uso umemwiva kwa furaha ya kazi. Akageuza kompyuta tuione, kuna mistari miwili, mmoja umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mwingine umeporomoka mpaka chini. Akaeleza polepole, kwa heshima, bila kumtaja mtu. Kielelezo kimeonyesha kuwa Kiongoroni kuna wakataji wa aina mbili. Aina ya kwanza ni mharibifu: akiachiwa kijito, katika miaka mitano hakibaki hata mti mmoja. Aina ya pili ni mhifadhi: anachukua kidogo, anaulinda msitu kwa mikono yake miwili. Kwa hiyo mradi unashauri kijito cha Nyamkombe, kwa kuwa ndicho pekee kilichobaki na miti, kiwe chini ya kamati, na mwenyekiti wa kamati awe mhifadhi.

Mudathiri alikuwa bado anatabasamu. Ilimchukua muda kuelewa, maskini. Aligeuka kumtafuta huyo mhifadhi ni nani, akaona watu wote wanamtazama Dadi, na Dadi anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Ngoja, ngoja mtaalamu," Mudathiri akasema. "Ule si ulikuwa mchezo?"

"Ndiyo, mzee Mudathiri. Mchezo unatoa tabia ya mtu ilivyo."

"Tabia yangu? Mimi? Mwulize yeyote humu ndani!"

Na hapa ndipo ninapotaka kuwasema watu wetu, na mimi nimo. Bwana Misitu wa serikali alikuwepo, amekaa kiti cha mbele. Alikuwa anakijua kila kisiki cha delta hii na panga iliyokikata, lakini mradi ulikuwa umeshamwahidi boti ya mashine, basi akaanza kulikagua paa la darasa. Sisi wengine tulikuwa tunasubiri posho. Tulidhani mzaha unaendelea. Bi Mwantumu peke yake alifungua mdomo, akasema, "Dadi mhifadhi? Labda mhifadhi wa chokaa," watu wakacheka, na Haruna akacheka pia kwa kuwa hakuelewa. Halafu ikapita karatasi ya kusaini mahudhurio, tukasaini, tukanywa soda. Baadaye ndipo tuliposikia kuwa karatasi ile ndiyo iliyokuwa makubaliano ya kijiji.

Mudathiri hakukata tamaa upesi. Alimfuata Haruna mpaka gatini, akamshika mkono kama anavyomshika mwanawe. "Baba, nifanyie hisani moja. Twende Nyamkombe ukaone kwa macho yako. Nitakuonyesha mti alioupanda mzee wangu. Nitakuonyesha upande niliokata mwaka juzi, sijaugusa tena. Kisha tutakwenda kwa Dadi, ukaone huko."

Haruna alitaka, sitamsingizia. Alikuwa mtu mwenye moyo mzuri, na hao ndio wabaya zaidi. Akauliza ni muda gani. Mudathiri akatazama maji. Yalikuwa maji mafu. Kijitoni kulikuwa na tope mpaka kiunoni, na mtumbwi ungeingia baada ya siku sita. Haruna akatazama saa yake. Pantoni ya Ndundu haikuwa na subira, na Jumatatu alikuwa na warsha.

"Haina shida, mzee wangu," akasema. "Kielelezo kimeshanionyesha."

Akapanda boti, akapunga mkono mpaka wakapotea.

Mudathiri aliharamishiwa kijito cha baba yake kwa barua yenye muhuri. Hakuwa na kingine cha kufanya. Rukaya alikuwa na shamba la mpunga, akampa kombeo akafukuze ndege. "Haya mshindi," akamwambia, "wafunge na hao." Ilikuwa mzaha wa mke, lakini Mudathiri alichukua kombeo akaenda zake, na Rukaya akajuta kuusema. Bao aliliacha. Watu walimwita jamvini akasema mgongo unamuuma, na jioni alikaa uani kwake akinoa panga isiyokuwa na kazi. Mara moja alimwambia Rukaya, "Mama Kudra, laiti ningechukua harage moja moja kama yule mjinga," na macho yake yalikuwa na machozi. Mtu mzima yule!

Dadi naye alianza kwa kuweka kibao cha "Usikate Mti." Kibao chenyewe kilikuwa cha mkoko, wa Nyamkombe. Alipomaliza kibao akakata boriti chache za ofisi ya kamati. Kisha wafanyabiashara wakamtembelea mwenyekiti, na mwenyekiti, kama nilivyosema, hakujua kumwambia mtu hapana. Miti mikubwa ya kuzaa ikatangulia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na bei. Halafu boriti, halafu pau. Mwaka wa tatu zikaondoka fito. Mudathiri alikuwa akisikia mashoka kutoka shambani kwa mkewe, palipokuwa upande wa Nyamkombe, alikwenda kulalamika kwa Bwana Misitu mara nne, na mara zote nne Bwana Misitu alikuwa ametoka na boti yake ya mashine.

Daraja la Ndundu likafunguliwa, wageni wakaanza kutufikia kwa urahisi, na mtaalamu Haruna akarudi. Safari hii alikuwa na kitambi kidogo na mgeni Mzungu, mwanamke mrefu wa makamo, aliyekuja kuona mchezo ule umezaa nini. Haruna akamwomba Mudathiri awapeleke Nyamkombe, kwa kuwa hakuna anayeijua njia kuliko yeye. Mudathiri akafurahi. Aliona hatimaye ukweli umepata macho ya kuutazama. Lilikuwa bamvua. Aliwapeleka kwa upondo mwenyewe, bila kupumzika, na kijito kilipopinda kona ya mwisho akaacha kusukuma.

Visiki pande zote mbili. Tope la juu ya maji limekauka na kupasuka. Jua linapiga mpaka chini, pale ambapo zamani ulikuwa unahitaji kungoja macho yazoee kiza. Mudathiri hakuwa ameingia humo tangu siku ya barua. Alitafuta kwa macho mti wa mzee Shaabani, akaona kisiki chake, kipana kama meza, akakaa chini ndani ya mtumbwi.

Mgeni akamwuliza Haruna jambo. Haruna akafungua begi, akatoa karatasi yenye ile mistari miwili, akaweka kidole kwenye ule ulioporomoka. Miaka mitano, kielelezo kilisema. Imetokea hata kabla. Alikuwa na huzuni usoni, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepatia. Kisha mgeni akauliza tena, neno fupi, na Haruna akageuza kidole kutoka kwenye karatasi akakielekeza kwa Mudathiri.

Kizungu Mudathiri hakukijua. Kidole alikijua.

"Mimi?" Akasimama, mtumbwi ukayumba, mgeni akashika ukingo. "Mimi nilikata maharage, bwana! Maharage! Sakafuni shuleni, mbele yako, na mke wangu akayapika! Miti hii kaikata Dadi uliyempa wewe, mpaka mti wa baba yangu kaukata! Mwambie huyo mama! Mwambie hivyo hivyo nilivyosema!"

Alikuwa analia waziwazi. Haruna alimtazama kwa huruma ya kweli, akamgeukia mgeni, akaongea kidogo kwa upole. Mgeni akamsogelea Mudathiri, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautingisha kwa muda mrefu, na macho yake nayo yakalowa.

"Umemwambia nini?" Mudathiri akauliza.

"Usijali, mzee wangu," Haruna akasema. "Nimemwambia kwamba unajuta."