Kitambaa cha Mwalimu Mwanne

Mwalimu Mwanne Pazi alifundisha kemia katika shule moja ya Kibaha, na mwaka ule wa 1984 alikuwa na chumba kimoja cha kupigania: stoo ya maabara. Kamati ya shule ilitaka kuigeuza ghala la mahindi ya shamba la wanafunzi. Yeye akaahidi kuwaonyesha kinachoweza kutoka humo: plastiki inayopitisha umeme.

Aliitengeneza kwa anilini, kemikali ya viwanda vya rangi, pamoja na asidi na dawa ya kuoksidisha, ikagandia kipande cha kitambaa cha pamba na kukigeuza kijani kilichokolea. Siku ya kikao cha kamati alikianika uani kwake, akaenda darasani.

Aliporudi alikuta mama yake, Mwanamkuu, aliyekuja kutoka kijijini Masaki kumtembelea, amekwisha kufua kila kilichokuwa kwenye kamba. Kwao mgeni wa kike haketi bure. Sabuni ilikuwa imeadimika, basi akafulia maji ya majivu. Kitambaa kilikuwa bluu.

"Mama, hiki umekifanyaje?"

"Nimekifua. Kimebadilika rangi mikononi mwangu. Aliyekuuzia kakuweza, mwanangu."

Mwanne akakipima. Mshale wa mita ya umeme haukutikisika. Plastiki ilikuwepo yote. Majivu yalikuwa yameinyang'anya asidi tu. Bila asidi, minyororo mirefu ya molekuli zake haina chaji za kubeba umeme, nayo hujikunjakunja, hata umeme ukakosa njia.

"Ndimu zipo?"

"Zipo. Sasa unataka kukipika?"

Akakiloweka katika maji ya ndimu. Ukijani ukarudi taratibu, ukianzia pembeni. Mama akachungulia ndani ya bakuli, akaguna.

"Yaani nilikuwa nimeshakisafisha."

Kwenye kikao mshale ulisogea, kidogo. Mwenyekiti, Mzee Kibwana, aliinama akautazama kwa muda.

"Kinawasha taa, Mwalimu?"

"Bado, mzee."

"Na mahindi yanavunwa wiki ijayo."

Watu wakacheka, bila ubaya. Stoo ikawa ghala. Chupa za Mwanne zikahamia kwenye kabati nyuma ya darasa, na harufu ya mahindi ikazifuata huko.

Mama yake alipokuja tena, alitua kikapu mlangoni kabla hata ya kuamkiwa.

"Ndimu za kitambaa chako," alisema. "Sikigusi."

Kila muhula Mwanne alikitoa, akakiloweka, akakipima mbele ya wanafunzi. Mara nyingi mshale ulisogea.