Maji Ndani ya Mashua

Juzi nikiwa Lindi nilimwona fundi akimimina maji ndani ya mashua kuukuu iliyokuwa inauzwa, nikaikumbuka alasiri moja ya Nachingwea.

Huko kulikuwa na mashua nyingine, ambayo mwenye duka mmoja alihamia nayo kutoka pwani kwa lori, ikakaa juani nyuma ya duka lake. Ilinuka lami na samaki wa zamani. Mjomba wangu, mkulima wa Lionja, alitaka kuinunua, aache ufuta akabebe mizigo baharini. Aligongagonga mbao, akatabasamu.

"Ngoja kwanza, kaka," mama alisema. Alikuwa mfinyanzi, basi akamimina debe zima la maji ndani, kama anavyojaribu mtungi. Mimi nilidhani anainywesha. Maji yakachuruzika mchangani.

"Mbao zimekauka tu, dada," mwenye mashua alisema. "Zikilowa zitavimba."

"Kaka, hii itakuzamisha."

Mjomba hakuinunua. Alizeekea Lionja, shambani kwake.

Yule fundi wa Lindi, maji yalipovuja, hakushtuka hata kidogo. "Siku mbili tatu itaziba yenyewe," aliniambia.

Kumbe mama alilijua hilo tangu siku ile. Kila mvua zilipokaribia, alililaza jembe lake majini usiku kucha, ili mpini uvimbe, ukaze.