Marehemu Anafikiria

Hapa Durango, kila filamu ya bastola na farasi inapokuja, mzee anayeitwa Marehemu ndiye hufa. Hermila, anayeziba matundu ya risasi kwenye mavazi, hajui tena kama shati la mzee huyu ni kitambaa au ni nyuzi tupu. Kabla ya kuanguka, mzee humnong'oneza farasi sikioni, hufanya ishara ya msalaba kwa kidole gumba kilichopinda, kisha huliangukia bega lile lile bovu. Akishakufa huinuka mwenyewe, hujikung'uta vumbi, hukohoa, akaenda kupanga foleni ya maharage. "Marehemu, leo umekufa vizuri!" wapishi humtania. "Kufa nimezoea, dada zangu," hujibu kwa sauti ya mtu aliyekatiziwa usingizi. "Kinachonimaliza ni kuamka."

Mwongozaji wa filamu safari hii ni mtu wa kufunga na kusali, na filamu yake ni ya ajabu: muuaji anarudi kumwomba radhi maiti, na maiti anafumbua macho na kumsamehe. Jua lilikuwa utosini. Mwigizaji wa muuaji akapiga magoti, akaushika mkono wa mzee wenye sugu, akasema, "Nisamehe, baba." Marehemu akafumbua macho, akamtazama. Kamera ikazidi kula mkanda.

"Sema basi, mzee! Neno moja tu!" mwongozaji akafoka.

Hermila akasimama, sindano mkononi. Mzee hakuinuka.

"Subiri, bosi," akasema, bado yuko chali vumbini. "Nimeuawa miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniomba radhi. Niache nifikirie."